Fundo la Verlyn

Kwetu husema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Haya mimi nimeyavalia:
soksi jozi tatu, sweta mbili, ovaroli ya kiwandani,
na buti za marehemu Verlyn, zenye njumu,
zinazonizidi kidole kizima.

Marlys yuko mbele, anagonga kwa mtaimbo.
Gonga, sikiliza. Gonga, sikiliza.
Barafu nzima hujibu kwa sauti nene,
mbovu hujibu kama chungu chenye ufa.
Nusu shubiri yabeba mtu, shubiri na nusu gari dogo,
la lori usiniulize, muulize aliyelizamisha.
Shingoni kanivisha misumari miwili kwenye kamba:
ukitumbukia, ichome barafuni, ujivute kama mamba.
Alinivisha kama hirizi. Wala hakucheka.

Ziwa la Green, nje ya mji wa Spicer, Jumapili,
nyuzi ishirini chini ya sufuri.
Wiki nzima tumekata batamzinga, yeye mapaja, mimi vidari,
meza moja, visu viwili, maneno machache.
Huku nako machache, ila ya aina nyingine.

Keekee inanguruma, inatema unga wa kijivu,
mara inazama, haina tena cha kuuma,
na maji yanapanda, meusi, yanatulia ukingoni
kama kahawa ya mmiminaji anayejua kipimo.
Naopoa vipande kwa upawa wenye matundu.
Hii kazi naijua: nimekaanga maandazi.

Chubwi kwanza. Yashuka, yashuka,
mshipi unalegea: pima nne.
Sasa ipandishe kiasi cha mkono hadi kiwiko,
maana samaki hutazama juu, hatazami alipolala.
Kisha ndoana, ndogo, kama ukucha wa mtoto,
imevishwa tone la risasi la rangi ya chungwa,
na funza wawili, ambao Marlys huwatunza
mfuko wa ndani wa koti, wasigande,
mfuko mmoja na peremende zake.
"Mimi sikosei," anasema. "Wewe usijaribu."

Tikisa. Acha.
Tikisa kidogo, kama mkono ulioshika kikombe cha moto.
Acha tena, hadi kuacha kwenyewe kuwe kazi.

Fundo lililoshika ndoana lilikuwa la Verlyn.
Alilikaza kwa meno, Machi, miaka mitatu iliyopita,
jioni ya mwisho kabla barafu haijaoza.
Ufito ukaning'inia gereji, fundo likiwa juu yake,
na Marlys akipita na kapu la nguo, chini yake.

Saa nne na robo ncha iliinama.
Haikudonolewa. Iliinama,
kama mtu aliyesikia jina lake msibani.
Nikavuta. Kitu kikavuta.
Nikaona jicho kule chini, jeupe, kama kifungo cha koti,
mshipi ukasugua ukingo wa shimo,
na mkono wangu ukawa mwepesi.

Sikumtazama. Nilitazama shimo.
Ningeomba radhi, lakini kwa lugha ipi,
na kwa yupi kati ya wawili?
Barafu ikaguna mbali, upande wa kanisa,
guno refu, likapita chini ya viti vyetu.

Marlys akamenya peremende.
"Verlyn hakujua kufunga," akasema.
"Viatu vilimfunguka siku ya harusi, mbele ya mchungaji."
Mshipi ulikatikia juu ya fundo, shubiri nzima.
Sote tuliona.
Akaniwekea ndoana mpya kiganjani.

Nikavua glavu. Vidole vikagoma.
Nikapitisha, nikazungusha mara tano, labda sita,
nikalowesha kwa mate, nikakaza kwa meno,
na ladha ya chuma ikabaki ulimini.
Shimoni utando ulikuwa umeanza kujifunga,
mwembamba, kama ngozi ya maziwa.
Akautoboa kwa kisigino cha upawa.
"Teremsha," akasema. "Pima nne."